Kusimba diski si mzigo kwa mashine yenye prosesa inayoijua kazi hiyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu nimjibu msomaji wa Kampemba, yule aliyeandika kwamba vituo vya afya na shule za hapa Lubumbashi vinajisumbua bure kusimba diski za kompyuta, yaani kuzifunga kwa hesabu zisisomeke bila ufunguo. Alisema kazi hiyo ni ya mabenki. Alisema inaichosha mashine, mfanyakazi anakaa kungoja faili lifunguke huku wagonjwa wamepanga mstari. Akamalizia kwamba neno la siri la kuingilia Windows linatosha. Ni barua iliyoandikwa kwa ufasaha, na nusu ya hoja yake ilikuwa kweli zamani. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi, maana msimamizi mmoja wa kituo ameikata, akaibandika ukutani nyuma ya meza yake, na nilipokwenda kuanza kazi tuliyokwisha kukubaliana alinionyesha kwa kidole: "Mama, soma kwanza."

Nimeisoma, tena zaidi ya mara moja. Mimi nina meza ya ufundi Kamalondo, na natunza kompyuta za vituo kadhaa vya afya vya Katuba na Kenya (wasomaji wa mbali wasishtuke, Kenya ni komuni ya mji wetu), pamoja na za koperative moja ya akiba na mikopo. Wateja wapya wakifika mezani huniuliza fundi yuko wapi. Nimeshazoea.

Nianze na neno la siri, kwa sababu hapo msomaji amekosea kabisa. Mwaka jana kijana alinijia na laptopu nyeusi ndani ya mfuko wa nailoni. Alitaka niipige formati. "Ni ya yaya yangu, Mama, amesahau neno la siri." (Yaya kwetu ni ndugu mkubwa.) Hakutaka kukaa kwenye benchi. Nilipomwuliza kama yaya yake ana faili za kuokoa alisema hapana, futa tu vyote. Sasa fundi mwenye akili hapigi formati kabla ya kuangalia hali ya diski, maana diski mbovu utalaumiwa wewe. Nikafungua skrubu mbili za chini, nikaivuta diski, nikaichomeka kwa kebo ya USB kwenye mashine yangu mwenyewe inayotumia Linux. Folda zikajipanga mbele yangu. Moja iliitwa ARV. Ndani yake jedwali: majina, namba za simu, avenyu na namba ya nyumba, tarehe ya kuchukua dawa. Nililifunga nilipoona mistari ya mwanzo, ila jina la kituo lilikuwa juu kwa herufi kubwa na sikuweza kutoliona. Nikamwambia kijana arudi jioni pamoja na yaya yake. Hakurudi. Mashine ilirudi kwa wenyewe siku ileile.

Msomaji wa Kampemba azingatie hili: Windows ya laptopu ile haikuuliza neno la siri kwa sababu haikuwashwa. Neno la siri peke yake ni mlinzi anayekaa kwenye geti la kiwanja kisicho na ukuta wa nyuma. Kusimba ni jambo jingine. Kila kinachoandikwa kwenye diski kinageuzwa kwa hesabu, na bila ufunguo anayeichomoa diski anaona takataka tupu, si folda wala majina.

Hesabu inayotumika karibu kote inaitwa AES. Waliiunda Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliitisha mashindano ya wazi, mapendekezo 15 yakakubaliwa kushindanishwa, wataalamu wa dunia nzima wakayashambulia kwa miaka, la hao wawili likashinda mwaka 2000 na kuwa kiwango rasmi mwezi wa Novemba 2001. (Katanga tuna mengi ya kuwadai Wabelgiji, lakini kwa hili nawapa heshima yao.) Na si ya mabenki peke yake: ukituma ujumbe wa WhatsApp kwa shangazi yako Likasi umeshaitumia.

AES inachukua data kwa vipande vya baiti 16. Kila kipande kinapitishwa katika mizunguko, 10 kama ufunguo ni wa biti 128, 14 kama ni wa biti 256. Katika kila mzunguko baiti zinabadilishwa kwa nyingine, zinasogezwa, zinachanganywa, kisha sehemu ya ufunguo inaongezwa. Gigabaiti moja ina vipande milioni 67 vya namna hiyo. Kwa ufunguo mrefu hiyo ni mizunguko kama milioni 940, na prosesa ya zamani kila mzunguko iliufanya kwa amri nyingi ndogondogo, ikienda kuchungulia majedwali yaliyowekwa kwenye kumbukumbu na kurudi. Hapo ndipo msomaji wetu alipopata chai yake ya kungojea faili. Laptopu za Core 2 Duo zilizojaa mji huu miaka ile zilikuwa zinapumua kwa shida, feni inalia, na kila ukifungua kitu nusu ya nguvu inaliwa na kusimbua. Nakubali. Niliziona.

Lakini mwaka 2008 Intel ilitangaza amri mpya za prosesa kwa kazi hii hii, na mwaka 2010 zikatoka madukani ndani ya prosesa za kizazi cha Westmere. Ni amri sita: nne za kusimba na kusimbua, mbili za kuandaa funguo. Mzunguko mzima wa AES sasa ni amri moja. AMD ilifuata mwaka 2011. Na tukitaka kusema kweli yote, VIA ya Taiwani iliwahi kuweka kitu cha aina hiyo kwenye prosesa zake ndogo miaka kadhaa kabla yao, ila ni chache tu zilizofika kwetu. Faida si mbio tu. Mwaka 2005 Daniel Bernstein, mtaalamu wa usimbaji, alionyesha kwamba ukipima muda ambao prosesa inatumia kuchungulia yale majedwali ya kumbukumbu unaweza kuufikia ufunguo wenyewe. Amri mpya hazina jedwali la kuchungulia kwenye kumbukumbu, hivyo mlango huo umezibwa.

Mbio zenyewe kila mtu anaweza kuzipima. Kwenye Linux kuna programu ya cryptsetup. Iagize ipime kwa kuandika "cryptsetup benchmark". Kwenye Core 2 Duo niliyonayo mezani AES inapita megabaiti mia na ushei kwa sekunde. Kwenye i5 ya kizazi cha tatu, mashine ambayo nayo ni mzee, inapita elfu moja na zaidi. Diski ya kuzunguka iliyomo kwenye laptopu nyingi za vituo haitoi hata megabaiti 150 kwa sekunde ikiwa nzima. SSD, yaani diski isiyozunguka, ile ya kawaida ya kebo ya SATA, inatoa kama 500. Kwa hiyo kwenye ile i5 prosesa ndiyo inayoingoja diski. Mfanyakazi hawezi kuhisi tofauti, na nimewajaribu: niliwasimbia diski Ijumaa, Jumatatu nikawauliza kama mashine imekuwa nzito, mmoja akaniambia imekuwa nyepesi. Huyo alikuwa ananifurahisha tu, lakini hakuna aliyelalamika.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hata mafundi wenzangu wanaliruka. Prosesa kuwa na amri hizo si mwisho wa habari, lazima aweko wa kuziita. Programu yoyote inaweza kuziita yenyewe. TrueCrypt ilifanya hivyo tangu toleo la 7.0 la mwaka 2010, na VeraCrypt iliyoirithi inaendelea. Lakini diski nzima, pamoja na Windows yenyewe au Linux yenyewe, inasimbwa na kusimbuliwa chini kabisa, ndani ya mfumo endeshi. Mfumo unapowaka unaiuliza prosesa: unaijua AES? Prosesa inajibu kwa biti moja. Mfumo ulioandikwa kabla ya amri hizo kuwepo haujui hata kuuliza swali, unapita njia ya zamani ya majedwali huku amri zimekaa bure. Windows XP iko hivyo. Windows 7 inauliza, na BitLocker, programu yake ya kusimba diski, inazitumia. Kiini cha Linux kilianza kuzitumia mwaka 2009, kabla hata prosesa zenyewe hazijauzwa, maana Intel waliandika sehemu hiyo mapema. Wenye Mac walizipata mwaka 2011, Apple ilipoibadilisha FileVault isimbe diski nzima.

Koperative ninayoitunza ilikuwa na mashine nzuri, prosesa ya kutosha, lakini daftari lao la akaunti liliendeshwa ndani ya kompyuta ya kuigizwa, yaani mfumo mmoja ndani ya mwingine, kwa VirtualBox ya zamani. Karani alikuwa analaani kusimba kila asubuhi, akitumia karibu maneno yaleyale ya msomaji wa Kampemba. Kumbe VirtualBox za kabla ya toleo la 5.0, lile la mwaka 2015, hazikuupitishia mfumo wa ndani amri hizo. Mfumo wa ndani uliuliza swali lake, ukajibiwa hapana. Niliweka toleo jipya na ugomvi ukaisha. Mahali pengine nilikuta amri zimezimwa kwenye Biosi, programu ndogo inayoiwasha mashine, na hakuna aliyejua nani alizizima wala kwa nini. Kabla ya kuilaumu hesabu, angalieni kama inafanyika mahali pake. Kwenye Linux fungueni faili la /proc/cpuinfo, tafuteni mstari wa flags, someni kama kuna neno aes. Kwenye Windows, VeraCrypt inaandika wazi katika ukurasa wake wa mipangilio ya kasi kama prosesa inasaidia AES au la.

Siwezi kuficha kwamba mfumo endeshi nao huharibu. Mwaka 2022 Microsoft ilikiri kwamba Windows 11, na Windows Server 2022, zikiwa kwenye prosesa mpya kabisa zenye amri za AES za kufanya vipande vingi kwa pamoja, zilikuwa katika hatari ya kuharibu data. Wakatoa marekebisho. Marekebisho yakafanya kazi za AES zichukue hadi muda maradufu, BitLocker ikiwemo, hadi walipotoa marekebisho mengine ya marekebisho baadaye kidogo. Mashine za aina hiyo kwenye vituo vyetu sijaziona. Nimelitaja ili mtu asije akaniletea habari hiyo kama kombora, na pia kwa sababu linaonyesha kazi ilipo: prosesa haikuwa na kosa lolote, aliyekosea ni aliyeiagiza.

Tuje sokoni. Laptopu zetu nyingi ni za okazioni, yaani zilizokwisha kutumika, zinatoka maofisi ya Ulaya au zinapitia Dubai, zinashuka Dar es Salaam, zinavuka Zambia na kuingia Kasumbalesa. Muuzaji anakuonyesha stika: Core i3, Core i5. Mnunuzi anaangalia stika, anaangalia ukubwa wa diski, anapiga kofi kwenye kifuniko, analipa. Namba ndogo inayofuata haisomwi na mtu. Basi someni. Core i3 za kizazi cha pili na cha tatu, zile kama i3-2310M na i3-3110M, hazina amri za AES. Intel iliziondoa kwa makusudi ili i5 ipate cha kujivunia. i5-2520M na i5-3320M za vizazi hivyohivyo zinazo. Kuanzia kizazi cha nne i3 nazo zikapewa. Celeron na Pentium zilinyimwa kwa muda mrefu zaidi, nyingi za kabla ya 2015 hazina kitu. Kati ya i3 isiyo nazo na i5 iliyo nazo, zote za umri mmoja, tofauti ya bei hapa mjini ni ndogo kuliko bei ya betri mpya. Nimeona mradi mmoja ukinunulia vituo i3 za kizazi cha pili, proforma, yaani hati ya bei, imejaa mihuri, halafu mwaka uliofuata ukatoa agizo kwamba diski zote zisimbwe. Feni za vituo vile zinasikika hadi barabarani.

Hata hizo zina dawa. Mwezi wa Februari 2019 Google ilitangaza namna nyingine ya kusimba, Adiantum, kwa ajili ya simu za bei ndogo zisizo na amri za AES. Kabla ya hapo Android 6 ya mwaka 2015 ililazimisha simu mpya zisimbwe, lakini ikazisamehe zile ambazo AES yake haifiki megabaiti 50 kwa sekunde. Maana yake, maskini ndiye aliyebaki wazi. Wahudumu wetu wa jamii, hawa RECO wanaopita nyumba kwa nyumba wakiandika nani anakohoa na nani ana mimba, walibebeshwa simu za kundi hilohilo la waliosamehewa. Adiantum inatumia hesabu ya ChaCha ya huyohuyo Bernstein, ambayo haihitaji jedwali wala amri maalumu, na kwenye prosesa ndogo ya Cortex-A7 inakwenda kama mara tano ya AES. Tangu Android 10 hakuna simu mpya inayosamehewa. Na kwa kuwa Linux nayo imepewa Adiantum tangu mwaka 2019, zile Core 2 Duo na i3 za kizazi cha pili ninazisimba kwayo, mashine inapumua. Hoja ya uzito imebaki na pa kusimama padogo sana.

Mfanyabiashara mmoja aliwahi kuniambia niachane na prosesa, ninunue diski zinazojisimba zenyewe. Inavutia: diski inafanya kazi yote, mfumo haushughuliki. Mwezi wa Novemba 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, Carlo Meijer na Bernard van Gastel, walifungua SSD za Crucial na Samsung, tena modeli zinazouzwa sana, wakakuta kadhaa zinaweza kufunguliwa bila kulijua neno la siri, kwa sababu ufunguo haukufungwa na neno hilo inavyopaswa. Kibaya zaidi, BitLocker ya wakati huo ikiona diski inasema inajisimba ilikuwa inaiamini na kuacha kazi yake. Mwaka 2019 Microsoft ilibadilisha, sasa BitLocker inasimba yenyewe kwa prosesa isipoambiwa vingine. Mimi nafuata njia hiyo. Kilicho ndani ya diski siwezi kukikagua. Jibu la amri ya AES naweza kulikagua: kiwango cha 2001 kimechapisha mifano yenye data, ufunguo na jibu, na prosesa ikitoa jibu tofauti hata kwa biti moja unaiona palepale. Namba za bahati nasibu zinazozalishwa na prosesa ni suala jingine, hizo haziwezi kukaguliwa hivyo, na watengenezaji wa FreeBSD, mfumo endeshi mwingine, mwaka 2013 waliamua wasizitumie moja kwa moja bila kuzichanganya na vyanzo vingine. Nadhani walifanya vyema.

Kuna mambo mawili ambayo kusimba hakuyatatui, na wasimamizi wayajue kabla ya kuniita. Kwanza, mashine iliyolala haijazimwa. Ukifunga kifuniko na kuondoka, ufunguo umebaki kwenye kumbukumbu. Watafiti wa Princeton walionyesha mwaka 2008 kwamba kumbukumbu hiyo inaweza kusomwa hata baada ya umeme kukatwa kwa muda mfupi, hasa ikipozwa. Wezi wetu hawafiki huko, lakini jioni zimeni kabisa. Pili, ufunguo ukipotea hakuna fundi wa Kamalondo wala wa Brussels atakayeokoa orodha yenu. BitLocker inatoa namba ya tarakimu 48 ya kuokolea. Ichapisheni kwenye karatasi, ifungeni kwenye bahasha, iwekeni kwenye kasha la fedha la kituo, na nakala nyingine ikae kwa daktari wa zoni ya afya. Nimekuta namba hiyo imebandikwa chini ya laptopu kwa selotepu. Aliyeibandika aliniambia kwa utulivu kabisa kwamba ni ili isipotee.

Kuhusu umeme, kwa vile najua swali linakuja: kusimba diski iliyokwisha kujaa huchukua saa nyingi, na huko Katuba umeme hautabiriki. BitLocker ikikatizwa inaendelea ilipoishia, na LUKS ya kisasa, njia ya Linux ya kusimba diski, pia. Hata hivyo mimi huanza nikiwa na betri nzuri na nakala ya faili zote pembeni, nakala yenyewe ikiwa imesimbwa. Anayesimba kompyuta na kuacha fleshi ya nakala wazi kwenye droo hajafanya kitu.

Mwisho kabisa suala la mfumo. Tangu Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuitunza Windows 10 bure kwa walio wengi, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane, isipokuwa chache sana. Karibu mashine zote ninazozitunza ni za kabla ya hapo. Nyingi zina amri za AES, zina miaka ya kazi mbele yake, na zikiwekwa Linux zitasimba vizuri tu. Windows za toleo la Home nazo hazina BitLocker kamili, kwa hiyo msilipie Home mkitegemea kuipata.

Sheria ipo. Code du numérique ya nchi yetu, yaani sheria ya mambo ya kidijitali, agizo-sheria namba 23/010 la tarehe 13 Machi 2023, inalinda data za watu binafsi, na hakuna data ya binafsi kuliko ile niliyoiona kwenye folda ya ARV. Ninachoomba kwa wanaoandaa proforma, wawe wa zoni za afya, wa parokia au wa miradi ya nje, ni mstari mmoja wa nyongeza: "Prosesa iwe na amri za AES, na mfumo endeshi uwe unazitumia, muuzaji aonyeshe kwa kupima mbele ya mpokeaji." Upimaji ni wa dakika chache. Muuzaji akikataa, mnalo jibu lenu.

Na diski za zamani, zile zilizotolewa kwenye mashine zilizokufa bila kuwahi kusimbwa, zisiuzwe kwa kilo wala zisipewe watoto wa shule wafanyie majaribio. Zileteni Kamalondo Jumamosi yoyote, nitazitoboa bure, na mwenye diski atasimama aone.

Wenu,
Mama fundi, Kamalondo, Lubumbashi